Mjomba wa Kununua

Kuna swali ambalo kijana wa Kitanzania huulizwa kabla hajaulizwa amesomea nini. Akisema tu msibani, au nyuma ya daladala, kwamba ameitwa usaili, mtu mzima aliye karibu atamtazama kidogo kisha atauliza: "Pale una mtu?" Haliulizwi kwa ubaya. Anayeuliza angependa kusaidia, na akikumbuka kwamba shemeji yake yuko jengo hilohilo, atatoa simu papo hapo. Kijana akijibu kwamba hana mtu ila amejiandaa vizuri, watu hunyamaza kwa adabu, kama wanavyonyamaza mgonjwa aliyezidiwa anaposema wiki ijayo atakwenda shamba.

Katika swali hilo kuna mambo mawili tunayoyachanganya kila siku. Kuna undugu, na kuna hela. Magazeti huyaandika pamoja, "rushwa na upendeleo katika ajira", utadhani ni pacha. Mimi naona moja ndiye mama wa jingine. Mwenye mjomba halipi. Anayelipa ni yule asiye naye, na anachonunua ni mjomba wa kukodi, wa wiki tatu za usaili tu.

Tuanzie mwaka 2014, kwa sababu mwaka ule ulituonyesha sura zote mbili katika idara moja. Mwezi Juni Idara ya Uhamiaji iliita waombaji kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Waliofika walizidi 10,000, wakakaa kwenye viti vya mashabiki wa Simba na Yanga, wakaandika mtihani karatasi zikiwa mapajani. Haukupita muda, idara hiyohiyo ikatoa majina ya makonstebo na makoplo wapya 200, na hapo ndipo nchi nzima ilipoanza kusoma orodha ile kwa jina la tatu. La kwanza na la pili watu waliyaruka. La tatu ndilo lililokuwa likipigwa tochi: huyu ni wa nani, na huyu je? Malalamiko ya kubebana yalikua hadi Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ikasitisha ajira zile na kuunda kamati ya kuchunguza.

Kamati zimekuja na zimepita. Desturi ya kusoma jina la tatu ndiyo iliyobaki. Leo taasisi yoyote ya umma ikitoa faili la majina ya walioitwa kazini, jioni ileile kwenye makundi ya WhatsApp kuna mtu keshazungushia duara jekundu ukoo wa mkubwa fulani. Mara nyingi ni majina tu yamefanana. Ukiwa na Massawe na Mushi kumi katika orodha, huna ushahidi wa chochote zaidi ya kwamba Kilimanjaro kuna shule. Lakini duara limeshachorwa, na aliyekosa kazi ameshapata maelezo yanayomtosha.

Wanaokosa ni wengi kuliko tunavyopenda kukubali. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596, maombi yakazidi 135,000. Hiyo ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja. Katika ualimu, nafasi 14,648 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Hata kama majopo yote ya usaili yangekuwa na malaika watupu, idadi kubwa mno ya vijana wenye sifa wangerudi nyumbani mikono mitupu, na kila mmoja angeulizwa na mama yake imekuwaje. Jibu la kweli ni gumu kulitamka: "Mama, nilipata 71 na mkato ulikuwa 74." Jibu rahisi ni kwamba wamewekana. Na kwa kuwa kweli huwa wanawekana mara nyingine, jibu rahisi halikosi mashahidi.

Hapo ndipo anapoingia dalali.

Nimewahi kukaa meza moja na mmoja wao, Tandika, mtu mpole mwenye kofia ya darizi na simu tatu. Hakujua kwamba naandika magazetini, na mimi sikuona haja ya kumwambia. Alinieleza kazi yake kama fundi anavyoeleza ufundi. Mtu mbichi hamgusi. Anangoja majina ya waliopita mchujo yatoke, kwa kuwa yanatangazwa hadharani na kila mtu anayaona. Hao sasa ndio wateja, maana wamebaki kwenye usaili wa mahojiano ya ana kwa ana, na pale kwa kawaida kiti kimoja kinagombewa na wachache, tuseme watatu. Anawatafuta tisa. Kila mmoja anatoa nusu ya bei kabla na nusu baada ya barua. Halafu, kwa maneno yake mwenyewe, "namwachia Mungu".

Nilimuuliza ndani anamjua nani. Akacheka.

Piga hesabu. Katika watu tisa waliobaki kwenye hatua hiyo, watatu hivi watapata kazi kwa uwezo wao, dalali awepo asiwepo. Hao watatu watamlipa nusu iliyobaki huku wakimshukuru. Sita waliokosa atawarudishia hela yao, akikata kidogo ya usumbufu, na kuwaambia kwamba safari hii kulikuwa na maagizo kutoka juu. Wanamwamini. Zaidi ya hapo, wanamsifu: huyu mzee mwaminifu, ilipogoma alirudisha. Mwakani watamletea wadogo zao. Mtu huyu hajafungua mlango wowote, hajaonana na mjumbe yeyote wa jopo, na bado ana mashahidi tisa mtaani wanaoapa kwamba ajira za serikali zinauzwa.

Sisemi kwamba zote ni hewa. Kuna maofisa wanaokula kweli, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haikuundwa kwa ajili ya mizimu. Ninachosema ni kwamba soko hili halihitaji ofisa mla rushwa ili listawi. Linahitaji watu wanaoamini kwamba yupo, na imani hiyo tunaipanda wenyewe kila tunapouliza "pale una mtu?"

Anayenunua naye si mjinga. Tuseme kazi ina mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi na dalali anataka milioni 3. Ni mishahara ya miezi minne na ushei. Kwa mama aliyeuza nusu eka ya shamba, hesabu inakubali: mtoto atakuwa na pensheni, atakuwa na kadi ya bima ya afya, na juu ya yote atakuwa na karatasi ya mshahara, ambayo benki inaipokea kama dhamana ya mkopo wakati shamba lenyewe halipokelewi kwa kukosa hati. Tatizo ni kwamba kijana huyo anaingia ofisini akiwa na deni la kifamilia, na siku ya kwanza mwananchi anapomwekea noti ndani ya faili, anakuwa ameshajua noti hiyo itakwenda wapi.

Na kwa wasichana bei mara nyingine haitajwi kwa shilingi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inayo katika kifungu cha 25: kudai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki ni kosa. Kifungu hakina ugumu kusomeka. Ugumu ni kwamba chumba kina watu wawili, na mmoja kati yao ndiye anayejaza fomu ya alama.

Sasa turudi kwa mjomba wa kweli, ambaye ndiye mgumu zaidi. Wenye umri wangu tulikariri ahadi za TANU, ambazo CCM ilizirithi. Kila mtu anaikumbuka ile ya rushwa kuwa adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Lakini kuna nyingine tuliyoipita mbiombio: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Rudia maneno yale manne ya katikati: wala cha mtu mwingine. Waliotunga ahadi zile walikwishaona kwamba rushwa ni kitu kimoja, na kutembelea cheo cha baba mdogo ni kitu kingine, kila kimoja kinastahili kiapo chake. Miaka yote hii tumeipigania ahadi ya kwanza, tukaiacha ya pili ijilalie.

Chombo cha kuvunja ahadi hiyo ya pili kina jina tamu: kimemo. Zamani kilikuwa kikaratasi kweli, kimekunjwa mara mbili, kina sahihi ya mkubwa. Siku hizi ni ujumbe wa simu. Uzuri wa kimemo, kwa anayekiandika, ni kwamba hakiamuru. Hakisemi "muajiri". Kinasema "huyu ni kijana wangu, mwangalie". Mpelekee mwendesha mashtaka ujumbe huo aone kama atapata kesi. Kifungu cha 31 cha sheria ileile kinashika matumizi mabaya ya madaraka, ila lazima uonyeshe kwamba mtu alivunja sheria kwa makusudi ili yeye au mwenzake apate faida asiyostahili. Kumwangalia mtu hakujawahi kuvunja sheria. Ukienda kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, utakuta kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi: rangi, kabila, mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ulemavu na mingineyo. Neno undugu halimo. Mwajiri akimkataa mtu kwa sababu ni Mmakonde, amekosa. Akimkubali mwingine kwa sababu ni mtoto wa dada yake, itabidi mwanasheria atafute njia ya kuzunguka.

Nikiri hapa, kwa sababu nisipokiri nitakuwa mnafiki. Mimi ni mjomba wa mtu. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu alinipigia usiku, akaniamkia kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake, nikajua kuna jambo. Mpwa wangu alikuwa na shahada, ana mwaka wa pili yuko nyumbani. Nilikuwa na rafiki kwenye kampuni moja binafsi. Nikampelekea wasifu wa kijana na maneno matatu tu: "Huyu ni wangu." Mpwa alipata kazi, anaifanya vizuri, ameshapandishwa mara mbili, na kila nikikutana na rafiki yangu ananishukuru kwa kumpa mtu mwaminifu. Nimejitetea kwa hoja hiyo mara nyingi. Mwajiri binafsi anaogopa kuibiwa, mtangazaji wa nafasi anapokea barua elfu moja zinazofanana, na neno la mtu anayemjua linampunguzia kazi. Yote ni kweli. Ila kulikuwa na mtu wa pili kwenye orodha ile, na sijawahi kumjua jina. Upendeleo una heshima hiyo ya ajabu: unayemsaidia unakula naye sikukuu, unayemuumiza hukutani naye maisha yako yote.

Baada ya malalamiko ya miaka mingi serikali ilijaribu kuukata mkono wa mjomba. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yalileta Sekretarieti ya Ajira, ili taasisi isijiajirie yenyewe watu wake. Leo maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni, mchujo unafanyika mikoani, na anayefaulu akakosa kiti anawekwa kwenye kanzidata angoje nafasi. Nimesikia watu wakibeza mfumo huu. Mimi siubezi. Mtoto wa mkulima wa Nkasi ana nafasi nzuri zaidi kwenye mtihani ambao msahihishaji hamwoni kuliko kwenye ofisi yenye zulia ambako anaanza kuulizwa kwao ni wapi.

Lakini maji yakizibwa huku hutafuta huku. Ukisoma matangazo ya kazi utaona neno moja linajirudia: uzoefu. Miaka miwili, mitatu. Uzoefu unapatikana wapi na kijana aliyetoka chuo? Anakwenda kujitolea. Halmashauri, hospitali, wakala, mradi, kila mahali kuna vijana wa kujitolea na wa mikataba ya muda mfupi, wanaopewa nauli au hawapewi kabisa. Sasa jiulize nani aliwachagua. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na mchujo, hakukuwa na jopo. Kulikuwa na simu. Kijana aliingia kwa kimemo kidogo, kisicho na mshahara, kwa hiyo kisichomkera mtu. Miaka miwili baadaye anakaa mbele ya jopo safi kabisa, anajibu maswali ya ofisi kwa sababu ameishi ndani yake, na anashinda kwa haki. Karatasi zote ziko sawa. Kubebana kulimalizika zamani, mlangoni pa kujitolea, ambapo mtoto asiye na ndugu mjini hakuweza hata kulala kwa miezi sita bila kipato.

Ndiyo maana sikuwacheka walimu wasio na ajira waliojikusanya mapema 2025 chini ya jina la NETO, wakilalamikia utaratibu wa usaili. Wengine wamekaa mtaani tangu 2015. Wanakumbuka enzi ambazo mwalimu akihitimu anapangiwa shule, na wanauliza kwa nini aliyengoja miaka kumi ashindanishwe upya na aliyehitimu juzi. Wasomi wengi waliwajibu kwamba foleni haipimi uwezo wa kufundisha. Sawa, haipimi. Lakini foleni haina mjomba. Aliyehitimu 2015 amehitimu 2015, hakuna kimemo kinachoweza kumfanya awe wa 2013. Mtu maskini anapochagua foleni badala ya ushindani, usidhani anaogopa maswali. Anaogopa chumba ambacho haoni kinachofanyika ndani.

Ingawa hata karatasi ina ujanja wake. Aprili 2017 uhakiki ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao walikuwa wameshashinda wengine kwenye foleni na kwenye ushindani pia.

Majirani zetu Wakenya walionja upande mwingine wa jambo hili. Mwaka uleule wa 2014, Julai, waliandikisha makurutu 10,000 wa polisi kwa siku moja nchi nzima. Malalamiko ya hongo yalizagaa, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, IPOA, ikaenda mahakamani, na mwezi Oktoba Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote. Nilishangilia siku ile. Baadaye nikawafikiria waliokimbia bila viatu, wakapimwa vifua na meno, wakachaguliwa bila kutoa hata senti. Nao walifutwa. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makurutu wale waripoti mafunzoni, na ubishi ukaanza upya. Orodha ambayo alama zake haziko wazi haina namna ya kusafishwa. Unaikubali yote au unaichana yote, na kwa vyovyote kuna mtu safi anaumia.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye alama kabla ya pingu. Mchujo wetu tayari una namba za mtihani. Mahojiano ya mdomo nayo yatolewe hivyohivyo: kila mjumbe wa jopo alimpa nani ngapi, kwa namba, waliopita na waliokosa, siku moja. Mjumbe anayemfahamu mwombaji asaini na atoke nje. Nafasi za kujitolea zitangazwe kama kazi nyingine. Na anayetoa hongo kwa kulaghaiwa awe na mlango wa kuripoti bila kujifunga mwenyewe, kwa kuwa leo sheria inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na hilo ndilo kufuli la dalali wa Tandika. Mteja wake akilalamika, anakwenda na ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Namfahamu mteja mmoja wa aina hiyo, mama wa jirani. Binti yake alifaulu mchujo akiwa wa pili katika kituo chake, na kwenye mahojiano aliulizwa mambo aliyoyaandikia ripoti ya chuo. Alitoka akitabasamu. Barua ilipokuja, dalali alipiga simu kabla hata binti hajamaliza kuisoma, akampongeza, akataja salio. Binti alimwambia mama yake kwamba yule mzee hakufanya lolote, kwamba kazi ameipata mwenyewe. Mama alimsikiliza, akafunga kanga vizuri, akaenda kulipa. "Mwanangu," alimwambia, "wewe hujui mambo ya dunia." Sasa ni mwaka wa tatu. Kila Idi sahani ya pilau yenye mnofu mkubwa inatoka nyumba ile, imefunikwa kawa, inavuka barabara kwenda kwa mtu mwenye simu tatu, na anayetumwa kuipeleka ni yule binti.